Vijiti vya Waliolala

Jumapili, 3 Machi

Nimefika jioni. Shemeji alinipokea barabarani, akachukua begi langu, akatangulia. Hakusema zaidi ya karibu na pole ya safari, wala sikushangaa. Miaka yote ya ndoa yao, maneno ya nyumba hii aliyamaliza mdogo wangu, yeye akibaki kutikisa kichwa. Ndiyo maana tangu utotoni tulimwita mdogo wangu Chiriku. Mdomo wake haukujua likizo. Akiaga mgeni alikuwa anasema, "Neno moja tu nimalizie," halafu yanafuata kumi, na mgeni ameshika kitasa.

Tulimzika kiangazi hiki. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia nisimwache mume wake peke yake msimu wa mvua, kwamba mvua ndiyo itakayomsumbua. Nilidhani ni homa inayosema. Nikamwahidi hata hivyo. Kwa hiyo cherehani yangu nimeifunika shuka, wateja wangu nimewaomba wanivumilie, na hapa nipo. Lengo langu ni moja: mvua ziishe na huyu mwanamume awe bado na akili zake.

Chumba nilichopewa kinanukia sabuni yake. Nimefungua dirisha.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imepiga bati mchana kutwa. Shemeji alisimama mlangoni akiitazama barabara, na chai yake ikapoa.

Jumatano, 6 Machi

Mbele kuna kitalu, viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya miche, vimepangwa safu kwa safu chini ya neti. Mimea ya hapa ni ile ya kudumu. Kiangazi inakauka mpaka chini, ukiitazama utasema imekufa, na mvua zikija inachipua tena kutoka shina lile lile. Nyuma ya ua wa michongoma ziko bustani za maonyesho, kazi ya Chiriku kwa mikono yake. Mtu hanunui hivi hivi kiriba chenye matope na majani mawili. Anapelekwa nyuma aone mmea wake ukikua utakuwaje, kisha anarudi mbele anabeba mpaka mikono haitoshi. Chiriku ndiye aliyewapeleka, akiwasimulia mpaka masikio yawaume.

Sasa geti la bustani lina mnyororo na kufuli. Nimemwuliza Shemeji kwa nini, na wateja wataona nini. Amesema, "Bado hawajaamka."

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimezungumza na Kofia, kibarua wao wa siku zote. Hajawahi kuonekana bila kofia, na nadhani hata mkewe anamjua kwa sauti tu. Mimi ananiita Mama Mkubwa, kwa kuwa Chiriku kwake alikuwa Mama.

Alinipitisha kwenye upenyo wa michongoma tukaingia nyuma. Sikuona maua. Niliona udongo mweusi na vijiti vya mwanzi, vichwa vyake vimepakwa rangi nyeupe, vimetapakaa kila mahali. Kofia akanieleza. Mmea ukilala, Chiriku alichomeka kijiti juu yake ili mwenye jembe ajue hapo kuna mtu. Ndivyo alivyosema, mtu. Kosa kubwa la watu wa vitalu ni kuchimba kilicholala wakidhani kimekufa, na kosa hilo halirekebishiki.

Yupo mmoja ambaye Chiriku alimwita Mzembe, ua la bluu iliyokolea, ambaye huamka wa mwisho kabisa wakati wenzake wameshachoka kuchanua. Alimpata mwenyewe, kwa kuchanganya mbegu miaka na miaka, na hakuwahi kumuuza. Shina lipo moja, pale katikati.

Nilimwambia Kofia kwamba vijiti ni vingi. Akasema hata yeye anaona hivyo. Vinaongezeka, na si yeye anayeviweka. Kisha akajikumbusha kazi ya mbele akaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Wateja walikuja kwa gari, familia nzima. Walitazama viriba, wakatazama mnyororo, wakaondoka mikono mitupu. Shemeji hakuinua macho.

Jumatatu, 11 Machi

Koti la mvua la Chiriku, lile la njano, linaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Leo asubuhi nililisogeza nichukue ufagio. Limelowa. Mikono yote miwili inadondosha maji.

Jumatano, 13 Machi

Limelowa tena. Shemeji amesema paa linavuja. Nimepanda kiti nikapapasa dari kwa kiganja. Kavu.

Ijumaa, 15 Machi

Sasa vijiti vimetoka nje ya vitalu vya maua. Kimoja kipo kwenye kijia, kimoja kando ya tangi la maji, vitatu mbele ya benchi alilokuwa anakaa akivua buti. Kofia amegoma kuingia nyuma. Amesimama mbele yangu ameshika kofia mkononi, kwa hiyo najua hali ni mbaya.

"Mama Mkubwa, bustani ile tumeipanda mimi na Mama. Pale kwenye benchi hatukupanda kitu. Sasa nani amelala pale?"

Nilimwambia aache upuuzi. Mimi ni mtu wa kipimo na mkasi, siamini mambo ya kuonekana na kupotea. Lakini jioni nilipokwenda kuanua nguo nilipita upande wa pili wa nyumba, mbali na benchi.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mmoja mnene, mchangamfu, alikuja na kikapu akataka mimea mitano kwa majina ya ajabu ajabu. Nilimwuliza ameijulia wapi. Akasema alipita juzi asubuhi na mapema, akasimama nje ya michongoma, na mtu mwenye koti la njano akamweleza kila kitu kutoka ndani, upi unataka kivuli, upi unataka jua. Mtu huyo alikuwa amejifunika kichwa kwa ajili ya mvua, uso hakuuona vizuri.

"Anaongea huyo," alisema akicheka. "Kila nikitaka kuaga, ananiambia neno moja tu nimalizie."

Nilimfungia mimea yake vibaya, ikamwaga udongo njiani. Nilimwona akiokota udongo barabarani.

Jumapili, 17 Machi

Sina la kuandika. Kila mlango ukigongwa nashtuka.

Jumanne, 19 Machi

Leo niandike lote.

Nilipoamka kukoka jiko kulikuwa kunaanza kupambazuka, na koti halikuwa mahali pake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilijitanda khanga kichwani nikatoka. Mvua ilikuwa nyepesi. Nilipofika kwenye michongoma nikasikia mdogo wangu anaongea.

Simaanishi sauti. Sauti ilikuwa nzito. Ila maneno yalikuwa yake, mwendo wake, jinsi anavyokimbia katikati ya sentensi na kuvuta mwishoni. "Huyu usimguse, huyu ni wa kudeka. Ukimpa maji mengi ananuna, ukimnyima ananuna vile vile, sasa wewe utajua mwenyewe. Haya, neno moja tu nimalizie." Nilitaka kumwita na nikaogopa asije akaitika.

Nikachungulia kwenye upenyo. Shemeji alikuwa amepiga magoti matopeni, amevaa koti la njano, mikono imemkomea viwikoni kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mfupi. Pembeni yake kulikuwa na fungu la vijiti. Anachomeka kimoja, anaongea, anasogea, anachomeka kingine. Mwanamume niliyemjua kwa kutikisa kichwa alikuwa anaongea mfululizo.

Nilimgusa bega. Hakushtuka. Alinyamaza tu, na uso wake wa kila siku ukarudi. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anaweka alama mahali pote anapokumbuka alimwona amesimama au amepiga magoti, kabla hajasahau. Pale kwenye benchi. Pale kwenye tangi.

"Shemeji, Chiriku amekufa," nilimwambia. "Tulimzika pamoja. Wewe ulitupa udongo."

"Wote wanaonekana wamekufa," alisema. "Nyinyi mna haraka ya kuchimba. Yeye amechelewa tu."

Nimelia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata msibani. Alinisubiri nimalize, akanivisha lile koti kwa kuwa nilikuwa nimelowa, na tukarudi ndani. Mabega ya koti yamenikaa sawasawa. Mimi na mdogo wangu tulishonewa kwa kipimo kimoja tangu tukiwa wasichana.

Jumatano, 20 Machi

Nilitegemea baada ya kusema ataacha. Leo vijiti vimefika mlango wa mbele.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeving'oa.

Asubuhi yeye alipokwenda kuchota mbolea nilimwambia Kofia avunje kufuli, nikaingia na toroli nikang'oa kila kijiti nilichokiona, cha kitaluni, cha kijiani, cha kwenye benchi. Nilisema moyoni kwamba wazimu huu utakwisha leo hii. Kofia alikuwa ananifuata nyuma akinung'unika kwamba vingine ni vya Mama mwenyewe, vya kweli, na nikiving'oa hatutajua nani amelala wapi. Nilimjibu kwamba mvua zenyewe zitatuonyesha.

Shemeji alirudi akakuta toroli limejaa. Alivitazama vile vijiti, akanitazama mimi, akaingia chumbani akafunga mlango. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumanne, 26 Machi

Mimea mingi imechipua. Vichwa vyekundu, vya kijani, vimepasua udongo. Geti liko wazi na wateja wameanza kuingia. Shemeji amekula nusu sahani. Nimejisifu kidogo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Watu wengi. Mimi ndiye niliyewapeleka nyuma, maana nani mwingine? Majina nimeshayashika. Kulikuwa na matone, nikavaa koti la njano.

Ijumaa, 12 Aprili

Balaa. Palikuwa na pengo katikati ya bustani, udongo mtupu, ilhali pande zote kumejaa. Wageni wa jana waliuliza mbona pale hapana kitu. Nilimwambia Kofia apachimbe apande maua ya dalia. Hakuna kijiti, hakuna chipukizi, na Mzembe sote wawili tulidhani yuko hatua chache kando; alikuwa na sababu gani ya kubisha? Jembe la pili likatoa kipande cha shina nene, jeupe ndani, limekatika sawasawa. La tatu lilikuwa limeshashuka.

Kofia aliketi chini pale pale. "Ni Mzembe," alisema.

Tulifukia vipande. Tuliviwekea majivu, tukavifunika. Tuliomba, kila mtu kwa maneno yake. Shemeji alikuja, akachuchumaa, akakigusa kipande kimoja kwa kidole, akaondoka. Chakula cha jioni hakukigusa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua haijakatika wiki nzima. Tumefukua tuone. Vipande vyote vimeoza, vinanuka. Mmea pekee ambao mdogo wangu aliuumba, hakuna mwingine duniani, na ni mimi niliyeamuru jembe.

Shemeji amelala ameelekea ukutani. Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Si neno, Shemeji." Nimetumwa kumlinda mtu huyu na mvua, na angalia nilichofanya.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeamka nimekuta nguo zangu zina matope magotini. Nakumbuka nilitoka alfajiri kuangalia kama labda kuna kipande tulichokisahau. Sikumbuki nilipiga magoti.

Ijumaa, 3 Mei

Mteja alikuwa anaaga. Nikasikia mtu anamwambia, "Neno moja tu nimalizie." Mdomo ulikuwa wangu.

Kofia aliacha kumwagilia akanitazama. Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Jumamosi, 11 Mei

Kila asubuhi baada ya kuosha vyombo nasimama kwenye mlango wa jikoni namwaga maji upande wa kushoto, kwenye majani makavu na magunia yaliyooza. Nimefanya hivyo tangu nilipokuja. Leo nilipomwaga, gunia likateleza, na chini yake kuna kijiti.

Nilimwita Shemeji aliyekuwa kibarazani. Nilimwuliza kama ni chake. Alikiinamia muda mrefu akasema hapana, alidhani ni changu. Rangi yake imebanduka kwa jua, na jua hatujaliona la kubandua rangi tangu mvua zianze. Kofia naye ameapa kwamba kiangazi alifagia hapo kila wiki mpaka Mama alipolazwa, na hapakuwa na kijiti. Na Mama alipolazwa hakurudi tena nyumbani.

Nikasema basi kuna aliyekiweka.

Jumapili, 12 Mei

Nimehamishia kiti changu mlangoni hapo. Maji ya vyombo nimwage wapi sasa? Nimeendelea kumwaga hapo hapo, taratibu.

Jumatano, 15 Mei

Shemeji ameanza kupika. Ugali wake una mabonge, nimeula. Aliniambia nivue koti, mvua haipo. Nilimwambia nasikia baridi.

Jumapili, 19 Mei

Kofia ameniuliza, kwa heshima zote, ninazungumza na nani pale mlangoni. Nilimwambia ninahesabu viriba.

Namwambia Chiriku habari za siku. Wateja, mvua, jinsi mume wake alivyoanza kula. Namwomba radhi ya Mzembe. Sasa naelewa kwa nini Shemeji alikuwa haoni aibu. Ukishaanza, kunyamaza ndiko kunakotisha.

Jumanne, 21 Mei

Ametoka.

Ncha za zambarau, nne, zimebanana kando ya kijiti. Zimesukuma udongo juu kama mkate unavyoumuka. Nilipiga magoti, nikaziweka kiganjani bila kuzishika. Nilimwita kwa jina ambalo mama yetu peke yake ndiye aliyemwita, ambalo sitaliandika hapa. Nilimwambia nilijua, nilijua ungekuja, umechelewa tu. Nikajisikia nasema hivyo na sikuweza kujizuia. Niliomba asinyamaze tena.

Shemeji alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Nilimwambia apige magoti, mkewe ameamka. Alipiga magoti kweli. Alizitazama zile ncha kwa makini, akachimbua udongo kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Ni Mzembe," alisema. "Alimgawa. Kabla hajalazwa alimgawa akaleta kipande hapa, akachomeka kijiti, akapafunika gunia kwa sababu ya jua."

"Kofia anasema hapakuwa na kijiti."

"Kofia anasema mengi." Akanishika mkono, yule mtu asiyegusa watu. "Shemeji. Ni mmea. Yeye amekufa, na huu ni mmea."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Kisha niliona machozi yanamteremka na hayafuti, na nikajua kwamba maneno hayo amekuwa akiyabeba tangu siku ya jembe, akisubiri mtu wa kumwambia. Alinivua koti. Nilimwacha anivue, mkono mmoja mmoja.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua zimekatika. Bustani imejaa, na Shemeji amewapeleka wageni nyuma yeye mwenyewe. Haongei. Anawaonyesha mmea kwa kidole, anasema jina, anangoja. Ajabu ni kwamba wananunua.

Koti limening'inia nyuma ya mlango. Nimeligusa mara mbili leo. Kavu.

Jumapili, 26 Mei

Naondoka. Asubuhi Shemeji alimfukua Mzembe mzima mzima, akamwosha kwenye karai, akamkata katikati kwa kisu cha jikoni. Nilifumba macho. Nusu moja ameipanda bustanini, kwenye pengo. Nusu yangu ameifunga kwenye gazeti lililoloweshwa na ipo mapajani mwangu sasa, garini, inanilowesha gauni.

Alinisindikiza barabarani na begi. Nilimwuliza kile kijiti, kama kweli anaamini ni mkewe aliyekiweka. Alifikiri. Alisema wakati mwingine anaamini, na wakati mwingine anakumbuka kwamba mwezi wake wa mwisho mkewe hakuweza kuinama. Kisha akakitoa mfukoni, kile kile chenye rangi iliyobanduka, akanipa. Nikiweke hapo nitakapompanda, nisije nikachimba.

Gari lilipofika nilishika mlango. Akasema, "Neno moja tu nimalizie."

Nikageuka, nikangoja yale kumi yafuate.

"Asante, Shemeji," alisema, akanyamaza.